UZI: Umeambiwa uthibitishe kripto ni yako halafu ipo sokoni siyo kwenye waleti yako. Tuongee kuhusu kusaini ujumbe

#1 BahariYaKusini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naandika kwa urefu kidogo mnivumilie, maana wiki iliyopita limenikuta jambo na najua humu ndani wapo wengi ambao linawajia.

Iko hivi. Nilikuwa nauza Bitcoin kidogo mkono kwa mkono kwa jamaa mmoja hapa Dar, tumeunganishwa na mtu tunayemwamini wote wawili, kiasi siyo kikubwa sana ila siyo cha kuchezea pia. Jamaa kabla hajatoka kwake na hela taslimu akaniambia kaka kwanza nihakikishie mzigo unao. Nikamtumia skrinishoti ya salio. Akanijibu kwa heshima tu kwamba skrinishoti hata mtoto wa kidato cha pili anatengeneza, yeye anataka nisaini ujumbe kwa adresi (ile namba ndefu ya kupokelea) yenye hizo sarafu, maneno ameyatunga mwenyewe na tarehe ya siku ile ipo ndani. Nikasema hamna shida. Nikafungua app ya soko la kripto la mtandaoni ninalotumia (jina naliacha), nikatafuta sehemu ya kusaini sikuiona, nikatafuta tena, nikaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja baada ya saa tano, kwamba mteja hawezi kusaini kwa adresi yake ya kuwekea, huduma hiyo haipo. Jamaa akanunua kwa mtu mwingine. Miaka mitatu naangalia salio linapanda na kushuka najihesabu mwenye Bitcoin, siku naambiwa haya thibitisha, sina hata kitu kimoja cha kushika mkononi.

Ikaniuma, nikakaa chini nikasoma mpaka usiku wa manane siku kadhaa, sasa nawaletea nilichoelewa na wajuzi mnirekebishe.

Waleti ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya kutunziwa, yani akaunti yako kwenye soko lolote la mtandaoni. Ile adresi ndefu wanayokupa ya kuwekea sarafu, ufunguo wake wa siri wanao wao, wewe huna na hutapewa. Ukituma sarafu pale wanazifagia wanazipeleka kwenye hifadhi yao kubwa ya wateja wote, na wewe unabaki na mstari kwenye daftari lao unaosema fulani anatudai kiasi hiki. Waliowahi kucheza upatu wataelewa haraka, kijumbe ndo mwenye daftari na mfuko, hela yako ipo na ni haki yako lakini mtu akikuuliza iko wapi itabidi umpeleke kwa kijumbe.

Ya pili ni ya kujitunzia. Unapewa maneno 12 au 24, kutoka kwenye hayo maneno programu inazalisha funguo za siri, na kila ufunguo una adresi yake. Mwenye waleti hii ndo anaweza kusaini. Programu inachukua ujumbe wako na ufunguo wa siri, inapiga hesabu, inatoa mstari wa herufi na namba ambao hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuutoa bila huo ufunguo. Kwa Bitcoin, saini ya mtindo wa zamani ina herufi 88 na inaishia na alama ya sawasawa. Unampa mwenzako vitu vitatu, adresi, ujumbe, saini, naye anahakiki kwenye kompyuta yake hata intaneti ikiwa imezimwa. Sarafu hazijasogea, ada hujalipa, siri yako haijatoka. Alafu anaingia kwenye blokicheni, lile daftari la wazi la miamala yote, anaangalia ile adresi ina kiasi gani. Kazi imeisha.

Mimi nilikuwa nadhani hii ni mambo ya watalaam wa kompyuta. Siyo. Ni kama dole gumba kwenye hati, tofauti tu ni kwamba hili dole halighushiki.

#2 mzee_wa_kahawa

Mkuu uzi mzuri sana huu, ngoja niongeze kisa ambacho kila mtu wa Bitcoin anatakiwa akijue maana ndo kinaonyesha uzito wa saini kuliko maelezo yote.

Craig Wright, yule Muastralia, Mei 2016 alijitokeza akasema yeye ndiye Satoshi Nakamoto, yule mwanzilishi wa Bitcoin asiyejulikana. Dunia nzima ikasema sawa, saini ujumbe kwa ufunguo wa bloku (kurasa za blokicheni) za mwanzo tumalize. Akaweka kwenye blogu yake kitu anachokiita saini. Watu wakaikagua haikuchukua hata siku, wakakuta ni saini iliyotolewa kwenye muamala wa Satoshi wa 2009, ambao uko wazi kwenye blokicheni kila mtu anauona. Yani ni sawa na mtu akate sahihi kwenye hundi ya zamani abandike kwenye karatasi mpya.

Ikaendelea. Kwenye kesi ya Kleiman kule Florida, ambako ndugu wa aliyekuwa mwenzake Wright alimshtaki akidai sehemu ya Bitcoin, orodha ya adresi anazodai ni zake ikaja ikaonekana hadharani. Mei 2020 mtu asiyejulikana akatokea na ujumbe umesainiwa kwa adresi 145 zilizokuwa kwenye orodha hiyohiyo, ujumbe unasema Craig Wright ni mwongo na tapeli na hana funguo zilizosaini maneno haya. Saini 145 na zote zinahakikika! Fikiria umesimama mahakamani unasema nyumba hii ni yangu alafu mtu anatoka mlangoni na funguo mkononi anasema huyu simjui. Machi 2024 jaji Mellor wa Mahakama Kuu ya London akaamua kwamba Wright siyo Satoshi. Wanasheria, mashahidi, nyaraka chungu nzima, miaka inakatika, na wakati wote huo saini moja tu ya kweli ingemaliza maneno yote.

#3 DadaWaTanga

Asanteni sana kaka zangu. Mimi nina Bitcoin kidogo na USDC (zile sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola), nusu ziko sokoni nusu kwenye waleti ya simu. Sasa naomba kuelekezwa kama mtoto mdogo, nabofya wapi? Na swali lingine linanitia hofu, nikisaini mtu hawezi kurudisha zile hesabu kinyumenyume akapata ufunguo wangu?

#4 BahariYaKusini

Dada tuanze na hofu kwanza maana ni ya haki.

Saini ikitengenezwa vizuri haitoi siri. Kinachoonekana ni ufunguo wa wazi, ambao hata ukituma muamala wowote unaonekana vilevile. Ila neno "vizuri" lina maana yake. Kila saini inahitaji namba moja ya bahati nasibu ya siri, na namba hiyo ikijirudia kwenye saini mbili za ufunguo mmoja mtu anaweza kupiga hesabu akaupata ufunguo wako. Ilishatokea, Agosti 2013 simu za Android zilikuwa na kasoro kwenye kutengeneza hizo namba na waleti kadhaa za Bitcoin za kwenye simu zikaibiwa kwa njia hiyo. Baada ya hapo programu nyingi zimehamia utaratibu ambao namba hiyo inakokotolewa kutoka kwenye ufunguo na ujumbe wenyewe, habari ya bahati nasibu haipo tena. Kwa hiyo tumia programu inayojulikana, pakua kwenye tovuti yao halisi, sasisha. Usiingize maneno yako 12 kwenye tovuti yoyote inayosema "saini hapa". Hiyo siyo kusaini, hiyo ni kukabidhi nyumba.

Sasa wapi pa kubofya. Kwa Bitcoin mimi nimetumia programu ya waleti inaitwa Electrum kwenye kompyuta, unaenda kwenye orodha ya adresi, unachagua adresi yenye salio, kitufe cha kulia cha mausi, unaona sehemu ya kusaini na kuhakiki ujumbe. Unaandika maneno, unasaini, unanakili. Wenye kifaa cha Trezor, kile cha kutunzia funguo, ipo kwenye programu yao pia. Kwa Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, na sarafu zinazokaa humo kama USDC yako, waleti ya MetaMask haina kitufe cha wewe kuandika ujumbe wako mwenyewe, kwa hiyo unaingia tovuti ya Etherscan kwenye ukurasa wao wa saini zilizohakikiwa, unaunganisha waleti, unaandika, MetaMask inakuonyesha maneno unakubali. Na uzuri wa Ethereum adresi yako ni hiyohiyo moja kwa ETH (sarafu ya Ethereum yenyewe) na USDC na vingine, saini moja inaongelea vyote vilivyomo.

Kitu kilichonisumbua mimi ni aina za adresi za Bitcoin. Zinazoanza na 1 ndo za zamani na karibu kila programu inazihakiki. Zinazoanza na bc1q mambo yanachanganya, maana utaratibu wa zamani haukuziwaza kabisa, kila programu ikaja na namna yake, mwongozo wa kiufundi unaoitwa BIP137 ukajaribu kuweka sawa ila siyo wote walioufuata, matokeo yake unasaini kwenye programu hii ukienda kuhakiki kwenye ile inakataa na saini ni halali kabisa. Bitcoin Core yenyewe, ile programu ya msingi ya Bitcoin, kwa amri yake ya kusaini ujumbe inakubali za 1 tu. Zinazoanza na bc1p, zile za aina mpya iitwayo Taproot, kwa njia ya zamani haiwezekani, zinahitaji mwongozo mwingine, BIP322, ambao ulipendekezwa 2018 na programu kama Sparrow inao. Kwa hiyo kabla hujasaini muulize mwenzako anahakikia kwenye programu gani, mtumie hiyohiyo wote. Mimi nilipoteza nusu saa nzima kwa kutojua hili.

#5 Kipanga_Nbo

Habari za huko wandugu. Mimi niko Nairobi, nafanya P2P, yani kuuziana kripto mtu kwa mtu, tangu zamani kidogo, na naona hamjagusa sehemu ambayo watu wanaumizwa.

Ya kwanza ni maneno ya ujumbe. Watu wanasaini kitu kama "hii adresi ni yangu" na kuacha hapo. Hiyo saini haina tarehe, haina jina, haina sababu. Mtu akishaipata anaweza kuipeleka kwa mwingine aseme ona nimesaini, na kwa hesabu iko sawa kabisa. Mbaya zaidi ni huyu mtu wa katikati. Yeye anamwambia mnunuzi wa kweli kwamba ana sarafu, mnunuzi anamtungia maneno ya kusaini, yeye anakuja kwako anajifanya anataka kununua zako anakupa maneno yaleyale, wewe unasaini kwa roho safi, anarudi na saini yako kwa yule mnunuzi. Mnunuzi anahakiki, inakubali, anatuma pesa kwa tapeli. Na wewe ndio adresi yako imebaki kwenye ushahidi! Hii ni mbinu ya kweli na inafanya kazi kwa sababu hesabu haijui nani anaongea na nani.

Dawa yake ni ndogo sana. Ndani ya ujumbe andika nani anasaini kwa ajili ya nani, biashara gani, tarehe, na namba au neno ambalo mnunuzi amelichagua papo hapo. Kama "Mimi wa jina fulani la jukwaani nasaini kwa ajili ya fulani tu, mauzo ya 0.01 BTC, tarehe hii, neno la siku ni mkungu." Mtu akikupa maneno yaliyoandikwa jina la mtu usiyemjua au soko usilolijua, usisaini, uliza.

Ya pili, na hapa naongea na wa Ethereum. Kuna kusaini maneno ya kusomeka na kuna kusaini ruhusa. Vyote viwili waleti inaviita kusaini na vyote havina ada, ndio maana watu wanaona ni sawa. USDC inao utaratibu wa ruhusa kwa saini, ukisaini ile ruhusa mwenye nayo anaweza kuchota USDC zako bila wewe kufanya muamala wowote. Binamu yangu alifika kwenye tovuti iliyomwambia thibitisha umiliki upate zawadi, akasaini, dakika kumi baadaye dola mia nne na kitu zimeenda. Alilia. Maneno 12 hakumpa mtu, ada hakulipa, haelewi mpaka leo. Thibitisho halisi la umiliki unalisoma kama barua, maneno ya kawaida. Ukiona kisanduku kina vitu kama mtumiaji aliyeruhusiwa, kiasi, muda wa mwisho, funga hiyo kurasa hapohapo.

#6 BahariYaKusini

Kipanga hii ya mtu wa katikati sikuijua kabisa, na nikikumbuka yule jamaa wangu maneno aliyonitungia yalikuwa na jina langu na lake, kumbe alikuwa anajua anachofanya. Nashukuru sana.

#7 Mswahili_wa_Elbe

Salaam kutoka Hamburg. Huku kwetu hii habari ya kusaini siyo hiari tena kwa baadhi ya mambo, ngoja niwaeleze maana wenye ndugu Ulaya wanaowatumia sarafu watakutana nayo.

Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2023 kuhusu taarifa za wanaotuma na kupokea kripto, ilianza kutumika tarehe 30 Desemba 2024. Ukiwa unatoa sarafu sokoni kwenda waleti yako mwenyewe, au unazirudisha, na kiasi kimezidi euro 1,000, soko linatakiwa lihakikishe kwamba hiyo waleti ni yako kweli. Mimi soko langu liliniwekea mambo mawili nichague, nisaini ujumbe waliouandika wao au nitume kiasi kidogo sana cha sarafu walichokitaja kutoka kwenye ile waleti. Hii ya pili wenyewe wanaiita jaribio la Satoshi. Nilichagua kusaini, nikamaliza kwa dakika mbili. Rafiki yangu ambaye waleti yake haikuweza kusaini alituma, akalipa ada, akasubiri uthibitisho wa bloku, na kwa bahati mbaya alituma kutoka adresi nyingine ya waleti yake hiyohiyo, siyo ile aliyoisajili, wakamkatalia akaanza upya.

Uswisi walitangulia kudai thibitisho kama hili, na kulikuwa na utaratibu unaitwa AOPP wa kurahisisha kusaini kwa mbofyo mmoja. Januari 2022 wapenda faragha walipiga kelele sana mpaka Trezor wakautoa kwenye programu yao. Nawaelewa waliopiga kelele, maana ukisaini kwa adresi umemwambia huyo mtu historia yote ya adresi hiyo, uliyopokea na uliyotuma tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada wa Tanga, kama unataka kuthibitisha kiasi fulani tu, hamishia kiasi hicho kwenye adresi mpya ndani ya waleti yako kisha usaini kwa hiyo. Ile adresi ya zamani yenye akiba yako yote usiionyeshe mtu.

#8 Msimamizi_wa_Mirathi

Nimesoma yote na nakubaliana na mengi ila naona mmeegemea upande mmoja, naomba niseme la upande wa pili kwa sababu limenigusa nyumbani.

Baba yangu mdogo alifariki mwaka juzi. Alikuwa na kripto sehemu mbili. Iliyokuwa sokoni, tulipeleka cheti cha kifo na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, wakatuzungusha miezi saba ila mwisho wa siku mama mdogo na watoto wamepata chao. Iliyokuwa kwenye waleti yake ya kujitunzia, tumeiona kwenye blokicheni, tunajua adresi kwa sababu aliwahi kunitumia, salio liko pale mpaka leo naliangalia. Maneno yake 24 hatujayapata. Tumepekua vitabu, Kurani zake, mafaili ya kazini, droo za kabati, mpaka begi la safari ya hija. Mahakama inatutambua sisi ndio warithi, kila mtu anajua ni zake, na hakuna hata mtu mmoja anayeweza kusaini. Kwa sheria ni mali ya watoto wake, kwa ule mtandao haina mwenyewe.

Kwa hiyo mkisema saini ndo umiliki, mimi nasema saini ni thibitisho la kushika ufunguo, basi. Mwizi aliyeiba maneno yako naye anasaini vizuri tu na inakubali. Na mrithi halali asiye na ufunguo hasaini.

#9 BahariYaKusini

Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu baba mdogo. Umenifanya nirudi kwenye nilichoandika juu na nakiri nilikimbia. Uko sahihi, hesabu inathibitisha mtu anayeshika ufunguo saa ile, haithibitishi alivyoupata. Ndo maana mahakamani saini inakuja pamoja na mambo mengine, ulinunua wapi, risiti, historia ya miamala.

Ila naomba na mimi nikuonyeshe upande wa sokoni ulivyo, maana nyie mlipata soko lililo hai na lenye watu waaminifu. Kanada kulikuwa na soko la QuadrigaCX, mwenye soko Gerald Cotten alifariki India Desemba 2018, ikasemwa funguo alikuwa nazo yeye peke yake, wateja kama 76,000 wakabaki wanadai takriban dola za Kanada milioni 215. Baadaye Tume ya Dhamana ya Ontario kwenye ripoti yake ya 2020 ikaonyesha sehemu kubwa ya hasara ilisababishwa na udanganyifu wa Cotten mwenyewe, yani hata funguo zingepatikana mfuko ulikuwa mtupu. Wateja walikuwa na nini mkononi? Skrinishoti za salio.

Na Celsius, kampuni iliyokuwa inapokea kripto za watu na kuwalipa faida, ndo ilinikata maini zaidi. Ilifilisika Julai 2022. Januari 2023 jaji Martin Glenn wa mahakama ya ufilisi New York akaamua kwamba sarafu zilizowekwa kwenye akaunti zao za faida, akaunti kama 600,000 zenye thamani ya dola bilioni 4.2, ni mali ya Celsius siyo ya wateja, kwa sababu masharti waliyoyakubali wateja wakati wa kujiunga ndivyo yalivyoandikwa. Watu waliweka wakidhani ni amana, kwenye karatasi wameikopesha kampuni. Kabla ya kuongea habari ya kusaini ujumbe, kuna ule mkataba ambao sisi wote tulibofya nakubali bila kusoma.

#10 mzee_wa_kahawa

Hapo uliposema thibitisho ni la saa ile tu nataka kukazia. Soko la Bitcoin la Mt. Gox, Juni 2011, baada ya kudukuliwa watu wakawa hawaamini kama sarafu zipo. Mwenye soko, Mark Karpelès, akahamisha Bitcoin 424,242 kwa mkupuo watu waone kwenye blokicheni. Wakaona, wakatulia. Februari 2014 soko limefungwa na Bitcoin zipatazo 850,000 zimetajwa hazipo, baadaye 200,000 hivi zikapatikana. Thibitisho la 2011 lilikuwa la kweli kwa siku ile na halikusema lolote kuhusu kesho yake, wala halikusema wanadaiwa kiasi gani.

Na hii ndo shida na haya mambo ya kuthibitisha akiba ambayo masoko yalikimbilia baada ya soko kubwa la FTX kuanguka Novemba 2022. Soko linaonyesha adresi zake, vizuri, tumeona zina hela. Sasa madeni? Aliyekopa kwa jirani usiku akakuonyesha asubuhi amekuonyesha hela ya kweli. Yanayoweka na orodha ya madeni kwa njia ambayo kila mteja anaweza kuhakiki mstari wake yamo, na hayo ni afadhali, mtu ukiwa sokoni walau ingia uhakiki mstari wako.

#11 Kijana_wa_Ubungo

Wakuu, mimi zote ziko sokoni na kwa sasa sina mpango wa kuhamisha. Mtu akinitaka nithibitishe nifanyeje? Nikimpa namba ya muamala wa kutoa si anaona?

#12 Kipanga_Nbo

Ndugu, ule muamala wa kutoa kwenye blokicheni unaonyesha umetoka kwa soko, kwenye adresi yao ya pamoja, hauonyeshi wewe. Mtu yeyote anaweza kuuokota muamala wowote wa soko aseme ni wake.

Unachoweza ni kukubaliana na mnunuzi kiasi cha ajabu kidogo, tuseme 0.00013579 BTC, umtumie kutoka sokoni dakika hiyo mkiwa kwenye simu. Akipokea hicho hasa atajua akaunti yenye uwezo wa kutuma unayo. Haithibitishi una kiasi kingine zaidi ya hicho. Kwa benki au mambo ya viza, omba taarifa rasmi ya akaunti kutoka sokoni yenye jina lako, hiyo kwao ina nguvu kuliko saini ambayo afisa hajui aihakikie wapi. Na kwa mauzo makubwa hamisha tu, kaka. Ada ya kutoa unailipa mara moja.

Na jambo moja naona linaharibu watu, usiandike adresi ya soko mahali popote panapoomba adresi ambayo baadaye utatakiwa kuisainia. Ufunguo kuwa kwa soko una hasara nyingine pia: Agosti 2017 sarafu ya Bitcoin Cash ilipojitenga na Bitcoin, aliyekuwa na funguo zake alipata sarafu zote mbili siku hiyohiyo, aliyeziweka kwenye soko la Coinbase alisubiri mpaka Desemba wao walipoamua.

#13 DadaWaTanga

Narudi na mrejesho. Nimeweka Electrum kwenye laptop, nimehamisha kidogo kutoka sokoni kwenda adresi mpya kama alivyosema kaka wa Hamburg, nikasubiri ikathibitishwa. Nikasaini maneno haya: "Nasaini kwa ajili ya mdogo wangu wa Muheza tu, jaribio la nyumbani, neno la leo ni mnazi." Nikamtumia mdogo wangu WhatsApp vitu vyote vitatu, naye kaweka Electrum kwake. Imekataa. Nimerudia, imekataa tena. Adresi inaanza na bc1q, programu ni moja, nimekwama.

#14 BahariYaKusini

Dada, ujumbe aliobandika yeye unafanana na wako kila herufi? WhatsApp ina tabia, na kibodi ya simu ndo kabisa, inabadilisha alama za kunukuu, inaongeza nafasi mwishoni, inashusha mstari. Kwa saini nukta moja ikizidi ni ujumbe mwingine kabisa. Mwambie afute nafasi mwanzoni na mwishoni, na zile alama za kunukuu zisiwemo kama wewe hukuzisaini.

#15 DadaWaTanga

Alikuwa amebandika na alama za kunukuu, na kuna nafasi moja baada ya mnazi. Kafuta. Imekubali! Mdogo wangu kapiga kelele mpaka mama katoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa kaka Msimamizi, baada ya kusoma ya baba yako mdogo nimemwandikia mdogo wangu kwenye karatasi maneno 12 yalipo, siyo maneno yenyewe, mahali yalipo tu, na mama anajua karatasi iko wapi. Kesho nahamisha zilizobaki sokoni.

#16 Msimamizi_wa_Mirathi

Umefanya la maana dada. Mwonyeshe na jinsi ya kusaini kwa kutumia hayo maneno kwenye kompyuta nyingine, angali upo naye, ashike mwenyewe. Sisi tungekuwa tumefanya hivyo mara moja tu.